NYUMBA YA UDONGO YAWEZA KUPENDEZA NA KUDUMU
Somo kwa wenye nyumba wa Londiani na wa nchi nyingine za baridi na mvua

Mtu asafiriye kutoka Kericho kwenda Londiani wakati wa masika huona mambo mawili kando ya njia. La kwanza ni nyumba za udongo ambazo miguu ya kuta zake imeliwa na maji, hata fito za ndani zaonekana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. La pili ni nyumba za mawe zilizofika usawa wa madirisha zikasimama hapo. Hazina paa, na ndani yake majani yameota. Mara nyingi mambo hayo mawili ni ya boma moja. Mwenye boma alikata shauri kwamba nyumba yake ya udongo haifai tena, akaacha kuitunza, akatia fedha zote za maziwa na viazi katika mawe. Kisha karo ya shule ikatakiwa, au ng'ombe mzuri akafa, na ujenzi ukakoma. Sasa yeye na watoto wake hulala katika nyumba mbovu huku wakiitazama nyumba isiyokwisha.

Somo hili halikusudii kuwakataza watu kujenga kwa mawe. Mwenye uwezo na ajenge. Lakini yafaa ijulikane ya kuwa nyumba ya udongo iliyo na nguzo nzima na paa zima ni mali, na kwamba kwa fedha kidogo na kazi ya mikono yaweza kufanywa nyumba kavu, yenye joto na yenye sura yake yenyewe, ambayo mgeni akiiona hataisahau. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Wengi huanza mahali pasipofaa: hununua rangi kwanza, wakapaka juu ya ukuta ulio na maji ndani, na rangi hiyo haimalizi mwaka.

Wala mtu asidhani ya kuwa udongo ni alama ya umaskini. Mji wa Shibam huko Yemen una majumba marefu ya ghorofa nyingi yaliyojengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, na mengi ya majumba hayo yalianza kujengwa katika karne ya 16. Tena ikiwa mtu atasema kwamba Yemen ni nchi kavu, basi na atazame Devon, Uingereza, ambako mvua hunyesha sana. Huko zimo nyumba za udongo zilizokaliwa na watu kwa mamia ya miaka. Watu wa nchi hizo mbili hawana udongo wa ajabu. Wanajua tu kuuweka mbali na maji, na kuutengeneza upya kila upatapo kasoro.

KAZI YA KWANZA NI MAJI

Londiani iko zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, katika vilima vya Mau, penye reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Usiku ni baridi, ukungu ni mwingi, na mvua ya mwezi wa Machi ikianza yaweza kuendelea kwa miezi mingi bila kupumzika sana. Mvua hiyo ndiyo adui wa nyumba, wala haiishambulii nyumba kwa njia moja. Ya kwanza ni mvua ipigayo ukuta kwa upepo. Ya pili ni maji yaangukayo kutoka ukingoni mwa bati, yakachimba ardhi na kurusha matope juu ya ukuta. Ya tatu, ambayo watu wengi hawaijui kwa sababu haionekani, ni unyevu upandao kutoka ardhini kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi.

Uzito wa jambo hili utafahamika kwa hesabu ndogo. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya meta moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la meta 8 kwa meta 6 ni meta 48 za mraba. Basi, alasiri moja ikinyesha mvua ya milimita 25, ambayo si ajabu katika nchi ile, paa hilo humwaga lita 1,200, yaani mapipa sita ya lita 200. Maji yote hayo huanguka katika mstari mwembamba, karibu na miguu ya ukuta. Haifai kushangaa ukuta ukianguka. Yafaa kushangaa kwamba haukuanguka mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo mwenye nyumba na aanze chini. Aondoe udongo wote uliolundikana kando ya ukuta, maana katika nyumba nyingi ardhi ya nje imepanda juu kuliko sakafu ya ndani kwa sababu ya kufagia na kutupa majivu kwa miaka. Halafu achimbe mtaro hatua moja na nusu kutoka ukutani, uteremke kuelekea upande wa chini wa boma, na ardhi iliyo kati ya ukuta na mtaro aifanye mteremko wa inchi moja kwa kila futi tatu au nne. Juu ya mteremko huo atandaze kokoto au mawe madogo, ili matone yaangukapo yasirushe matope. Kazi hiyo haina gharama ila jasho, nayo huokoa nyumba kuliko kazi nyingine zote zitakazotajwa hapa.

Baada ya hayo yafuata mkanda wa mawe. Huu ni ukuta mfupi wa mawe uliojengwa kwa nje, ukikumbatia miguu ya ukuta wa udongo mpaka kimo cha futi moja na nusu au mbili. Mawe yaokotwayo shambani au mtoni yafaa, wala si lazima yachongwe. Chimba msingi wa futi moja, panga mawe makubwa chini, na uyashike kwa mchanganyiko wa saruji sehemu moja, chokaa sehemu moja, na mchanga sehemu sita. Saruji tupu yenye nguvu nyingi haitakiwi hapa, kwa sababu huuzuia unyevu usitoke nje, nao hupanda juu zaidi katika udongo. Sehemu ya juu ya mkanda na iinamishwe nje, maji yasitulie. Hapa ndipo manufaa na uzuri hukutana: mkanda wa mawe meusi chini ya ukuta mweupe huipa nyumba sura ya kusimama imara, na hiyo ni sura ambayo kopo la rangi haliwezi kuileta.

Baadaye mtu na atazame upenu. Mabati ya nyumba nyingi yamekatwa karibu mno na ukuta ili kuokoa fedha. Upenu usipungue futi mbili. Kama paa ni fupi, makombamoyo yaweza kurefushwa kwa kugongomewa vipande vya mbao ubavuni, kisha ikaongezwa safu moja ya mabati. Lakini upenu mrefu kupita futi mbili na nusu usiachwe ukining'inia, maana upepo wa Mau huingia chini yake ukalinyanyua paa zima. Ukitakiwa mrefu zaidi, utiwe nguzo uwe varanda, na nguzo hizo zisimame juu ya mawe, zisifukiwe ardhini zikaoza. Mwenye kupata mlizamu wa bati, au gata kama waitavyo mafundi, apeleke maji katika pipa au tangi, na mama wa nyumba atapunguziwa safari za mtoni.

UKUTA NA SIRIBO LAKE

Maji yakiisha kuzuiwa, ndipo ukuta waweza kuguswa. Hapa kuna kosa moja lililowapotezea watu fedha nyingi, nalo ni kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa fito na udongo. Kazi hiyo inapokwisha nyumba hupendeza kweli kweli, na majirani husifu. Lakini udongo hutanuka ukipata unyevu na hunywea ukikauka. Saruji haifanyi hivyo. Vitu viwili visivyokwenda pamoja havishikani. Baada ya masika moja au mawili plasta hupasuka, maji huingia katika nyufa yasipate njia ya kutoka, na ukuta huoza nyuma ya plasta bila mtu kuona. Hatimaye bamba zima huanguka pamoja na udongo. Udongo wataka kusiribwa kwa udongo.

Si kila udongo ufaao. Udongo mweusi wa juu, ulio na mizizi na majani yaliyooza, usitumiwe. Chimba mpaka uufikie ule mwekundu au wa kahawia ulio chini. Ili kujua tabia yake, chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, itie udongo mpaka theluthi, ijaze maji, itikise sana, kisha uiweke mahali pasipoguswa. Mchanga utatulia chini katika muda wa dakika moja hivi. Vumbi laini litafuata. Na udongo mfinyanzi utakawia kwa saa nyingi, pengine mpaka kesho yake au zaidi. Ikiwa tabaka la mfinyanzi ni nene, siribo litapasuka lisipoongezwa mchanga. Ikiwa karibu yote ni mchanga, halitashika.

Walakini jaribio lililo bora kuliko chupa hufanywa ukutani penyewe. Fanya viraka vitatu, kila kimoja futi moja kwa futi moja. Cha kwanza kiwe na kipimo kimoja cha udongo na kimoja cha mchanga. Cha pili, kimoja kwa viwili. Cha tatu, kimoja kwa vitatu. Viache vikauke kabisa. Kilichopasuka kimezidi mfinyanzi. Kitokacho vumbi kikisuguliwa kwa kiganja kimezidi mchanga. Kile kisichopasuka wala kutoka vumbi ndicho kitumiwe katika nyumba nzima. Wanawake waliosiriba nyumba tangu ujana wao watacheka wakiambiwa mambo ya chupa, kwa kuwa wao huujua udongo kwa vidole. Mwenye mama au nyanya wa namna hiyo nyumbani na amwulize yeye kwanza.

Mchanganyiko wenyewe hutengenezwa hivi. Udongo hulowekwa usiku kucha, hukanyagwa kwa miguu pamoja na mchanga, halafu hutiwa mavi ya ng'ombe, kipimo kimoja kwa vipimo vinne au vitano. Uache siku tatu au nne, uchache, ndipo unakuwa mlaini na wenye kunata. Kwa tabaka la kwanza ongeza majani makavu yaliyokatwakatwa. Ukuta wa zamani usuguliwe, vumbi litoke, kisha urushiwe maji. Siribo likipakwa juu ya ukuta mkavu hunyonywa maji yake upesi likabanduka. Tabaka la kwanza lijaze mashimo, nalo lingali bichi likwaruzwe kwa ncha za misumari ili la pili lipate kushika. Likauke. Tabaka la pili liwe jembamba, lisizidi nusu inchi, lenye mchanga uliochekechwa, likipakwa kwa mwiko au kwa kiganja. Alama za kiganja si aibu. Mwanga wa jioni ukizipiga, ukuta huonekana una uhai.

CHOKAA NA RANGI ZA ARDHI

Juu ya siribo lililokauka yapakwa chokaa. Watu wa Londiani wana bahati katika jambo hili, kwa kuwa huko Koru, penye reli hiyo hiyo kuelekea Kisumu, mawe ya chokaa yamechimbwa na kuchomwa kwa miaka mingi. Chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa hulowekwa katika maji kwa mchana mmoja na usiku mmoja, na ikikaa zaidi ni bora zaidi. Huchujwa kwa kitambaa, kisha huongezwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Watu wengi hushindwa hapa: huipaka nzito kama uji, ikatoka vumbi na kuchafua nguo za kila aegemeaye. Yapakwe matabaka membamba matatu au manne, siku moja kati ya moja na jingine, na ukuta ulowanishwe kila mara kabla ya kupaka. Mpakaji asivunjike moyo akiona kwamba chokaa mbichi haionekani; huwa nyeupe ikauke kwanza. Jua kali si rafiki wa kazi hii, bali siku ya mawingu.

Chokaa huunguza. Ile isiyozimwa ikitiwa maji huchemka kwa ghafula, na tone moja likiingia jichoni laweza kumpofusha mtu. Watoto wawekwe mbali, mpakaji apake mafuta mikononi na kufunika macho yake, na chokaa ikimwingia jichoni aoshwe mara ile kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha apelekwe zahanati.

Haifai nyumba nzima kuwa nyeupe pasipo tofauti. Katika nchi ya Wakipsigis akina mama wengi hupamba kuta kwa udongo wa rangi, mkanda mweusi au mwekundu chini na rangi nyepesi juu, na desturi hiyo ina akili ndani yake, maana sehemu ya chini ndiyo ichafukayo kwanza. Udongo mwekundu uliochekechwa ukitiwa kidogo katika chokaa hutoa rangi ya waridi. Ule wa manjano hutoa rangi ya samli. Masizi hutoa kijivu. Usitie mwingi, chokaa ikakosa nguvu ya kushika. Kopo la rangi ya dukani huifanya nyumba ifanane na duka la njia panda, lakini rangi iliyotoka katika ardhi ya boma lile lile hukubaliana na vilima vinavyolizunguka. Tena ikififia, haitafutwi mjini.

MLANGO

Watu wa pwani wanajua siri moja ambayo wa bara wangefanya vema kuitwaa. Katika Lamu na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba nyingi za kale zina kuta tupu za mawe na chokaa upande wa njiani. Hazina mapambo ila mahali pamoja tu, nalo ni mlango. Hapo mwenye nyumba aliweka fedha yake na fundi akaweka ujuzi wake: mbao nzito, mfaa ulionakshiwa katikati, na maua na minyororo iliyochongwa katika miimo na juu ya kizingiti cha juu. Nje ya mlango kuna baraza la kukalia wageni. Mtu akipita huukumbuka mlango ule, wala hakumbuki kwamba ukuta ulikuwa mtupu.

Mwenye nyumba wa Londiani hawezi kununua mlango wa Lamu, wala hana haja nao. Lakini anakaa penye mbao. Misitu ya ile miti ambayo watu wengi huiita saipresi imemzunguka, na chuo cha kufundishia kazi za misitu kipo hapo hapo Londiani tangu 1957. Ni kweli kwamba mbao zilikuwa adimu na ghali baada ya Serikali ya Kenya kusimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018. Tangazo la kuondoa marufuku hiyo lilitolewa Julai 2023. Hata hivyo mlango mmoja hauhitaji mbao nyingi. Mti wa mtarakwa, ambao Wakipsigis huuita tarakwet, hauozi upesi wala hauliwi na wadudu, nao hunukia vizuri. Lakini hukua polepole sana, na usikatwe msituni bila ruhusa. Nguzo kuukuu za mtarakwa zitolewazo katika nyua za zamani hufaa sana kwa kizingiti. Nje huwa za kijivu, lakini zikipigwa randa rangi yake nyekundu hutokea tena.

Mbao mbichi zisitumiwe. Zipangwe kivulini, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti ili hewa ipite, zikae miezi miwili au mitatu. Mlango uliofanywa kwa mbao mbichi hupinda, na usiku baridi hupita katika nafasi zake. Unganisha mbao za kusimama kwa mbao tatu za kukingama nyuma yake, kisha utie mbao za mshazari. Jambo la kushika hapa ni kwamba kila ubao wa mshazari uanzie chini upande wa bawaba, upande juu kuelekea upande wa komeo. Ukiwekwa kinyume chake, mlango utalala na kukwaruza sakafu kabla ya Krismasi ya pili.

Kuhusu nakshi, haifai kunakili ya pwani. Katika nyumba nyingi za Kipsigis kuna kibuyu cha maziwa, sotet, kilichopambwa kwa shanga kwa mikono ya bibi wa nyumba. Mistari na pembetatu za shanga hizo zaweza kuchorwa kwa penseli juu ya mwimo na kuchongwa kwa patasi ya nusu inchi, kina chake kisizidi robo inchi. Kijana aliyejifunza useremala kidogo ataimaliza kazi hiyo kwa siku tatu au nne. Akikosea mstari mmoja, auache. Kisha upakwe mafuta ya kitani yaliyochemshwa dukani, mara mbili au tatu, na matambara yaliyotumika yatandazwe yakauke nje, yasilundikwe, maana yakilundikwa hupata moto yenyewe yakawaka.

Mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye maganda yatokayo katika mashine za kupasulia mbao, huuzwa kwa bei ndogo, na watu wengi huyafanya kuni. Yakiondolewa maganda, ambayo ndiyo maficho ya wadudu, hufaa kwa benchi la varanda, kwa ukuta wa jikoni na kwa uzio wa bustani.

NDANI YA NYUMBA

Baridi ya Londiani hushuka kutoka batini. Alfajiri mvuke wa pumzi za watu hugeuka matone chini ya mabati na kuwadondokea waliolala. Dawa yake ni dari. Mikeka ya mafunjo ifumwayo karibu na Ziwa Viktoria huuzwa katika masoko ya Kisumu na Ahero; ikipigiliwa chini ya makombamoyo hushika joto na kuupa mwanga wa chumba rangi ya asali. Isiwekwe kamwe juu ya mahali pa moto.

Moto wenyewe wataka kufikiriwa. Ukuta uliosiribwa vizuri utakuwa mweusi kwa mwezi mmoja kama mafiga matatu yangali katikati ya chumba, na moshi huo huo uingiao ukutani huingia katika vifua vya mama na watoto wachanga. Jiko la kuni lenye kiini cha udongo uliochomwa, lijulikanalo kama Maendeleo au Upesi, limetumika Kenya tangu miaka ya 1980; kiini hununuliwa, na mwili wake hujengwa kwa udongo ule ule wa siribo. Hutumia kuni chache kuliko mafiga. Lakini lenyewe haliondoi moshi wote, basi na litiwe bomba la kutolea moshi au dirisha pana juu yake. Ukilijenga, ongeza kando yake kibenchi cha udongo chenye upana wa futi moja na nusu. Wazee watakipenda.

Sakafu ya saruji nyekundu, kama ile ya nyumba nyingi za zamani za reli na za mashamba ya chai, si ghali kama watu wadhanivyo. Juu ya sakafu ya saruji sehemu moja na mchanga sehemu tatu, ingali mbichi, hupakwa saruji iliyochanganywa na unga mwekundu wa oksaidi, na unga huo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa saruji. Ifunikwe kwa magunia yaliyolowanishwa kwa siku saba, isikanyagwe. Ikisuguliwa nta kila juma, mtoto atakayezaliwa katika nyumba hiyo ataijua rangi yake mpaka uzee.

WAKATI WA KAZI NA MATUNZO YAKE

Kazi zote hizi hazifanywi mwaka mmoja, wala haziwezi. Mtu mwenye kipato cha kawaida na afanye mtaro na kokoto mara moja, bila kungoja fedha. Miezi ya Desemba, Januari na Februari, isiyo na mvua nyingi, ndiyo ya siribo na chokaa. Nyumba ya vyumba viwili husiribwa kwa siku chache ikiwa majirani wa kokwet wataitwa na chai na chakula vikawepo. Mkanda wa mawe na uje mwaka wa pili, upenu wa tatu, kama paa halijaanza kuvuja. Mlango waweza kufanywa wakati wa mvua, chini ya paa, mikono ikiwa haina kazi shambani. Na yule aliyekwisha kuanza nyumba ya mawe asiibomoe ile ya udongo kabla ya kuezeka ile mpya. Hata baada ya kuhama, nyumba ya udongo iliyotunzwa hufaa kwa wageni, kwa jiko, au kwa kijana aliyetoka jandoni.

Kila mvua kubwa ikiisha, mwenye nyumba na aizunguke nyumba yake mara moja, akitazama kokoto zilizohama, mtaro ulioziba, na mahali ambapo siribo limelowa likabadilika rangi. Siku ya kusiriba abakize nusu gunia la mchanganyiko mkavu na kuuweka darini. Akiona ufa, aloweke konzi mbili au tatu za udongo huo usiku, naye asubuhi aupanue ufa kidogo kwa ncha ya kisu, aurushie maji, na kuujaza kwa kidole gumba.